Uchambuzi wa Juu wa Miundo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Uhandisi Ujenzi

Majibu haya ni ya wanaomaliza shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi, walioanza uzamili, na walioko kazini wanaofikiria kurudi darasani. Zimo hesabu chache. Uwe na kalamu karibu.

Somo hili lina nini ambacho sikukisoma mwaka wa pili?

Mwaka wa pili ulipewa miundo inayotatulika kwa milinganyo mitatu: nguvu za mlalo zijumlishwe zifike sifuri, za wima vivyo hivyo, na momenti, yaani nguvu za kuzungusha au kupinda, vivyo hivyo. Ukishaiandika mitatu hiyo, swali limekwisha. Jengo halisi lina maegemeo na viungo vingi kuliko milinganyo hiyo. Boriti ya zege iliyomwagwa pamoja na nguzo tano haikuambii kila nguzo imebeba kiasi gani mpaka ujue boriti yenyewe inapinda vipi, na kupinda kwake kunategemea ukakamavu wake pamoja na wa nguzo zinazoishika. Nguvu na umbo vinatafutwa kwa wakati mmoja. Mwaka wa tatu ulionjeshwa jambo hili kwa fremu ndogo. Sasa unalipanga kwa matriksi ili liwezekane hata kwa jengo lenye viungo elfu tatu.

Juu ya hapo huongezwa elementi finiti (kugawa kitu vipande vidogo vingi vinavyokokotolewa pamoja), kwa ajili ya slabu, kuta na makuba ambayo huwezi kuyachora kama mistari; uthabiti, yaani nguzo kupinda kando kabla ya kupondeka; mitikisiko; na tabia ya chuma au zege baada ya kuvuka kikomo cha unyumbufu. Hili la mwisho wengi huliogopa bure. Boriti ya chuma iliyofungwa ncha zote mbili, yenye urefu L na uwezo wa momenti M, hufikia uwezo wake kwanza kwenye ncha, mzigo uliosambaa ukiwa 12M/L². Haianguki. Ncha zinageuka bawaba za plastiki, yaani zinazunguka bila kuongeza momenti, mzigo unaoongezeka unabebwa na sehemu ya katikati, na boriti inaendelea kuhimili hadi 16M/L². Hiyo ni akiba ya theluthi moja ambayo uchambuzi wa kawaida hauioni.

Nipe mfano mmoja unaoonyesha kwamba hii si nadharia ya darasani tu.

Chukua boriti ya zege ya milimita 250 kwa 500, inayopita bila kukatika juu ya nguzo tatu zilizoachana mita 6, na mzigo wa kN 20 (kilonewtoni; kN 10 ni kama tani moja) kwa kila mita. Mwenye haraka atasema kila nguzo ya pembeni inabeba nusu ya nafasi yake, kN 60, na ya kati inabeba kN 120. Ukizingatia kwamba boriti ni moja, nguzo ya kati inabeba kN 150 na za pembeni kN 45 kila moja. Jumla ni ile ile 240, ila nguzo ya kati na msingi wake wameongezewa robo ya mzigo na hakuna aliyeiandika popote. Momenti juu ya nguzo ya kati ni kNm 90, inavuta nondo za juu. Ndani ya nafasi, kubwa kuliko zote ni kama kNm 51, inavuta nondo za chini.

Sasa udongo chini ya nguzo ya kati udidimie milimita 10 kuliko pembeni. Kama boriti zingekuwa mbili, kila moja imelala tu juu ya nguzo zake, hakuna momenti ambayo ingebadilika. Kwa boriti moja, mabadiliko juu ya nguzo ni 3EIδ/L², EI ikiwa ukakamavu wa boriti (E wa zege, I wa umbo lake), δ kiasi cha kudidimia, na L nafasi kati ya nguzo. Zege likiwa limeshapata nyufa, chukua EI ya kama kNm² 39,000, ambayo ni nusu ya ile ya zege zima. Utapata kNm 32 na ushee. Momenti juu ya nguzo inashuka hadi 58 hivi, na ile ya ndani ya nafasi inapanda kutoka 51 hadi karibu 64. Nondo za chini, zilizopangwa kwa 51, zimeongezewa robo. Udongo ukididimia taratibu kwa miaka, zege hutambaa, yaani huendelea kulegea polepole chini ya mzigo, na sehemu ya ongezeko hilo hufifia. Ukididimia ndani ya wiki moja ya masika, haififii kitu.

Mfano huu ninaupenda kwa sababu umebeba somo zima: mwendelezo, ukakamavu, msingi, nyufa na muda. Na umeenea ukurasa mmoja wa daftari.

Hesabu zangu zimeota kutu tangu nimalize chuo. Nianzie wapi?

Aljebra ya matriksi kwanza: kuzidisha, kugeuza, kutatua milinganyo kwa kuondoa vigeu kimoja kimoja, na kuelewa kwa nini matriksi nyingine hazigeuziki. (Hazigeuziki, katika somo letu, kwa sababu umesahau kuweka egemeo na jengo lako linaelea hewani.) Baadaye thamani za aigeni (eigenvalues, namba maalum za matriksi), kwa kuwa mizigo ya kupinda kando na masafa ya mtikisiko yote yanatokana nazo. Halafu mlinganyo wa boriti, EI mara derivativu ya nne ya mshuko ni sawa na mzigo. Kalkulasi ya kina zaidi ya hapo unaweza kuikuta njiani.

Kama programu inafanya kila kitu, kwa nini ninapoteza muda kwa kukokotoa kwa mkono?

Kwa sababu programu haijawahi kukataa kutoa jibu kwa kuwa swali lilikuwa baya.

Tarehe 23 Agosti 1991, katika mlango wa bahari wa Gandsfjorden karibu na Stavanger, Norway, msingi mkubwa wa zege wa jukwaa la gesi la baharini la Sleipner A ulikuwa ukijazwa maji na kushushwa taratibu kwa majaribio. Kwenye kina cha mita 65 hivi ukuta wa chemba mojawapo ulipasuka, maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na muundo wote ukazama na kusambaratika chini. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700. Uchunguzi ulikuta kwamba wavu wa elementi finiti kwenye sehemu ndogo zenye umbo la pembetatu, pale chemba zinapokutana, ulikuwa na elementi zenye umbo baya na chache mno. Nguvu ya kukata ukuta ilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Nondo za kuzuia mkato nazo zilikuwa fupi. Baada ya ajali, hesabu zilizorudiwa kwa uangalifu zilionyesha kuwa ukuta ungefeli kwenye kina cha mita 62. Ulifeli kwenye 65. Nadharia ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuangalia ukuta ule kama kipande cha boriti, akauliza shinikizo la maji ni kiasi gani, akalinganisha na kilichotoka kwenye karatasi za kompyuta.

Mfano wa pili ni paa la ukumbi wa Hartford, Connecticut, nchini Marekani. Lilikuwa fremu ya chuma ya pande tatu, la mita 91 kwa 110, na wabunifu wake walijivunia kutumia kompyuta wakati ambapo wenzao wengi hawakuwa nayo. Lilipopandishwa lilishuka katikati karibu mara mbili ya ilivyokadiriwa. Waliouliza walijibiwa kwamba tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, likiwa na theluji juu, lilianguka lote, saa chache baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kuondoka. Modeli ilidhani vyuma vya juu vimeshikwa kando ambako kwa kweli havikushikwa vya kutosha, hivyo vikapinda kando kwa mzigo mdogo kuliko uliotegemewa.

Ukiniuliza, Hartford inatisha zaidi. Sleipner ilificha kosa lake hadi mwisho, lakini paa la Hartford lilisema mapema, kwa milimita, likapuuzwa. Kushuka mara mbili ya hesabu maana yake ukakamavu ulionao ni nusu ya ule uliouandika. Hiyo haiitwi kawaida.

Bado tunafundishwa mgawanyo wa momenti wa Hardy Cross. Si umepitwa na wakati?

Kama chombo cha ofisini, umepitwa. Cross aliuchapisha mwaka 1930 akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, na kwa miaka kama thelathini fremu nyingi za zege zilikokotolewa kwa njia yake, kwa kalamu na mezani. Kisha mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp, waliokuwa wakishughulika na mabawa ya ndege, wakatoa andiko lililofungua njia ya mbinu mpya, na mwaka 1960 Clough akaipa jina la elementi finiti. Kompyuta zilipopungua bei, jedwali la Cross likarudi darasani.

Lakini tazama inavyokupa jibu la boriti yetu ya nguzo tatu. Funga ncha zote: momenti kila ncha ni wL²/12, yaani 20 × 36 / 12 = 60. Fungua ncha ya nje, ambayo haiwezi kushika momenti: ile 60 inafutwa na nusu yake, 30, inavuka kwenda juu ya nguzo ya kati. 60 na 30 ni 90. Upande wa pili ni vilevile, kwa hiyo kiungo cha kati kimeshasawazika na hakuna la kugawa. Umemaliza kabla programu haijafunguka. Anayeielewa njia hii hupata kitu ambacho matriksi hazitoi kirahisi: hisia ya momenti inakwenda wapi ukigusa kiungo kimoja.

Mbinu ya ukakamavu inanichanganya. Kiini chake ni nini?

Ni kinyume cha ulivyozoea. Badala ya kutafuta nguvu, unatafuta misogeo ya viungo. Kila kiungo cha fremu ya bapa kina misogeo mitatu: kulia au kushoto, juu au chini, na kuzunguka. Kila boriti au nguzo inakuambia, "ukinisogeza hivi, nitakurudishia nguvu hii". Kwa boriti ya urefu L, kuzungusha ncha moja kwa kiasi kidogo kunadai momenti ya 4EI/L pale pale na 2EI/L ncha ya pili. Kusogeza ncha moja wima kunadai nguvu ya 12EI/L³ na momenti ya 6EI/L². Namba hizo nne, 12, 6, 4 na 2, ndizo karibu somo lote. Kinachobaki ni kuziweka kila moja kwenye chumba chake ndani ya matriksi kubwa, kuweka maegemeo, na kutatua.

Ushauri wangu ni mmoja, na wanafunzi huukwepa: andika programu yako mwenyewe ya fremu za bapa. Kwa Python na maktaba ya NumPy haizidi mistari mia moja hamsini. Ikikupa 90 kwa boriti ya nguzo tatu, umeelewa. Ikikupa kitu kingine, utaelewa utakapomaliza kutafuta kwa nini, na hapo ndipo elimu yenyewe ilipo.

Kwa elementi finiti, makosa gani hujirudia?

Maegemeo, kwanza na daima. Mtu anafunga nyayo za nguzo zisizunguke kabisa wakati msingi wake ni kitako kidogo juu ya mfinyanzi, au anaachia slabu iteleze mahali ambapo imeshikwa na ukuta. Umbo la wavu huja nyuma yake.

La pili ni kuabudu rangi ambazo programu huonyeshea mkazo. Kwenye kona kali ya ndani, kama ya tundu la mlango katika ukuta wa zege, nadharia ya unyumbufu inasema mkazo hauna mwisho. Kila ukiupunguza wavu, namba inapanda. Mwanafunzi anaona rangi nyekundu, anaongeza nondo. Anapunguza wavu, nyekundu inazidi. Pale usisome mkazo wa nukta moja. Jumlisha nguvu inayopita katika upana fulani, kisha weka nondo kwa nguvu hiyo.

La tatu ni elementi za pembetatu zenye nodi tatu, yaani nukta za konani tu. Ni kakamavu mno kwa kupinda, na boriti iliyotengenezwa kwa safu moja yake itaonekana imara kuliko ilivyo. Kabla ya kuiamini elementi yoyote, ijaribu kwa boriti iliyoshikwa ncha moja tu na mzigo P ncha ya pili. Mshuko ni PL³/3EI, kila mtu anaujua. Kama elementi zako hazifiki hapo, hazitafika penye ugumu.

Na kila modeli, hata ya mzigo wa wima peke yake, isipite bila kukagua kwamba jumla ya nguvu za maegemeo ni sawa na jumla ya mizigo uliyoweka. Inachukua dakika moja. Hukamata vipimo vilivyochanganywa, mizigo iliyowekwa mara mbili, na uzito wa jengo uliosahaulika.

Kupinda kando kwa nguzo ni hatari kiasi gani? Si tunaweka nguzo nene tu?

Bomba la jukwaa la mafundi, lenye kipenyo cha milimita 48.3 na unene wa 3.2, lina chuma cha kutosha kuhimili zaidi ya kN 100 kabla ya kupondeka. Kwa fomula ya Euler, π²EI/L², likisimama mita 2 bila kushikwa katikati hupinda kando kwa kN 60. Kwa mita 4 linabaki na kN 15. Chuma ni kile kile, urefu umezidi mara mbili, uwezo umebaki robo. Mafundi wanaofunga mbao za mlalo katikati ya mirunda inayobeba slabu mbichi hawajasoma Euler, lakini kila mrunda uliofungwa barabara katikati umeongezewa uwezo mara nne. Anayezing'oa mbao zile mapema ili apishe toroli ndiye wa kumwogopa.

Kwenye fremu nzima hali hiyo hujitokeza kama athari ya pili: jengo likisukumwa kando na upepo, uzito wake wenyewe haukai tena juu ya nyayo, nao unaongeza momenti. Kadirio la haraka ni kugawa momenti yako kwa 1 toa P/Pcr, Pcr ikiwa ni mzigo ambao fremu ingepinda kwa ajili yake. Mzigo ukiwa moja ya tano ya Pcr, ongezeko ni robo. Ukiwa nusu, momenti inakuwa mara mbili, na kwa maoni yangu jengo la namna hiyo lirudi kwenye ubao wa michoro.

Huku kwetu tetemeko ni nadra. Ninahitaji kweli sehemu ya mitikisiko?

Nadra si kutokuwepo. Bonde la Ufa limepita katikati ya nchi zetu. Tarehe 5 Desemba 2005 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 6.8 eneo la Ziwa Tanganyika, na tarehe 10 Septemba 2016 lile la Kagera, la 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani. Nyingi zilikuwa za matofali yasiyo na mkanda wa zege wala nondo, na hizo hazihitaji uchambuzi wa juu, zinahitaji mkanda. Maghorofa ni habari nyingine.

Kadirio la kuanzia kwa fremu za zege ni kwamba mtikisiko mmoja wa kwenda na kurudi huchukua sekunde 0.1 kwa kila ghorofa, kwa hiyo ghorofa sita ni kama sekunde 0.6. Ukishajua muda huo unaweza kusoma kwenye mchoro wa kanuni ni sehemu gani ya uzito wa jengo itakayogeuka nguvu ya mlalo. Ninachowaomba wanafunzi wakitazame zaidi ni ghorofa ya chini. Mjini, ghorofa ya chini ni maduka: wazi, ndefu kwenda juu, haina kuta. Juu yake ni vyumba vilivyojaa kuta za matofali. Fremu tupu kwenye modeli inaonyesha ghorofa zote zikisogea kwa uwiano mzuri, kwa sababu hakuna aliyeziweka kuta. Jengo halisi limekakamaa juu na kulegea chini, na msogeo wote unakusanyika kwenye nguzo za maduka.

Wala mtikisiko si wa tetemeko peke yake. Daraja la miguu la Millennium, London, lilifunguliwa Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye, kwa kuwa lilianza kuyumba kando, watembeao wakawa wanalifuata mwendo bila kukusudia. Lilirudi kutumika mwaka 2002 baada ya kuwekewa vifaa vya kufisha mtikisiko.

Nitumie BS au Eurocode?

BS ni kanuni za usanifu za Uingereza, Eurocode ni za Ulaya. BS 8110, ya zege, na wenzake waliondolewa rasmi Uingereza mwaka 2010, lakini ofisi nyingi za Afrika Mashariki bado zinazitumia, na wazee walizikariri. Soma Eurocode, uweze kusoma BS. Kwa uzito wa kudumu wa 5 na mzigo wa matumizi wa 3, BS inakupa 1.4 × 5 + 1.6 × 3 = 11.8, Eurocode inakupa 1.35 × 5 + 1.5 × 3 = 11.25. Tofauti haifiki asilimia 5. Kubishana juu ya hilo huku modeli ina egemeo lisilo la kweli ni kupoteza alasiri. Kosa la hatari ni kuchanganya: mizigo ya kanuni moja na uwezo wa nguzo wa kanuni nyingine.

Majengo yanaanguka Dar na Nairobi. Uchambuzi wa juu ungeyaokoa?

Mara nyingi hapana, na ni afadhali niseme hivyo kuliko kulipamba somo langu. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, mwezi Machi 2013. La Huruma, Nairobi, Aprili 2016, lililoanguka wakati wa mvua kubwa. La Kariakoo, Novemba 2024. Maafa ya aina hii hayatokani na mtu aliyekosa elementi finiti. Tazama zege, nondo, msingi, usimamizi, na ghorofa zinazoongezwa bila mchoro.

Hilo la mwisho unaweza kulikokotoa umesimama. Nguzo ya kati kwenye gridi ya mita 5 kwa 5 inabeba mita za mraba 25 kwa kila ghorofa. Slabu, kuta, lipu na watu, weka kN 10 kwa mita ya mraba: kN 250, yaani tani 25 kila ghorofa. Mwenye jengo akiongeza mbili, kila nguzo ya kati imeongezewa tani 50 ambazo msingi haukuambiwa. Mhandisi anayeweza kulisema hilo papo hapo, mbele ya mwenye jengo, kwa sauti inayosikika, ana manufaa kuliko modeli yoyote. Uchambuzi wa juu unakuja kazini baadaye, pale unapoulizwa kama jengo lililobaki limesimama salama, nguzo mbili zikiwa zimeharibika na watu wanataka kurudi kuchukua vitu vyao.

Programu zipi nijifunze, na laptop ya aina gani?

ETABS na SAP2000 ofisi nyingi zinazo, STAAD.Pro vilevile. Kwa utafiti kuna OpenSees, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Code_Aster ya Wafaransa. Zote mbili ni za bure na zote mbili zitakutoa jasho mwanzoni. Waulize watengenezaji wa zile za kulipia kuhusu leseni za wanafunzi kabla ya kukimbilia nakala iliyovunjwa kufuli; mbali na sheria, huna wa kumuuliza namba zikigeuka. Laptop yoyote yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa masomo, 16 ukifika kwenye slabu kubwa na mitikisiko.

Nisome wapi, na digrii hii inanipa usajili?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nairobi, Jomo Kenyatta na Makerere vyote vina uhandisi ujenzi wa muda mrefu. Kabla ya kuomba, tafuta nani anasimamia tafiti za miundo pale kwa sasa, na kama maabara ina mashine ya kujaribia boriti inayofanya kazi. Ukitazama Ulaya, vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Usajili ni jambo jingine kabisa. Tanzania ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Kenya ni Engineers Board of Kenya, na kote wanataka kazi iliyosimamiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Uzamili hauchukui nafasi ya hiyo.

Nitajuaje kwamba nimeiva?

Jipe fremu na karatasi tupu. Nguzo mbili za mita 4, boriti ya mita 8 juu yake, nyayo zikiwa bawaba, na nguvu ya mlalo ya kN 40 kwenye kona ya juu kushoto. Chora umbo litakavyopinda kabla ya kuandika namba. Kila unyayo unachukua kN 20 za mlalo, momenti kwenye kila kona ya juu ni 20 × 4 = kNm 80, na nyayo zinabeba kN 20 wima, mmoja ukivutwa juu na mwingine ukikandamizwa chini.

Sasa zifunge nyayo zisizunguke. Kabla ya kugusa kompyuta, sema momenti za juu zitapungua au zitaongezeka, na mipaka yake. Boriti ikiwa kakamavu kupita kiasi, zile 80 zitagawanyika sawa: 40 juu, 40 chini. Boriti ikiwa laini kama kamba, zote 80 zitashukia nyayoni. Kwa boriti na nguzo zenye EI moja, jibu lazima lilale kati ya hapo, na nyayo zishinde kona. Halafu endesha programu, bila kuhesabu kurefuka wala kufupika kwa vyuma. Inapaswa kukupa 30 juu na 50 chini. Ikikupa 40 kwa 40, tazama kama hukuifunga boriti isipinde. Ikikupa 80 juu na sifuri chini, nyayo zako bado ni bawaba.